Tamthilia ya Kusomwa na Ufasaha wa Usomaji

Makala haya yanakusudia kueleza jinsi tamthilia ya kusomwa inavyoweza kukuza ufasaha wa usomaji darasani. Maandishi ya Kiswahili yana sifa iliyo neema na mtego pamoja. Kwa kuwa herufi zake huwakilisha sauti kwa utaratibu, mtoto aliyekwisha kuzimudu silabi aweza kutamka ukurasa mzima asielewe lolote. Mwalimu humhesabu kuwa ni msomaji. Mtihani wa KCPE, uliofanywa kuanzia 1985 hadi 2023, ulikuwa wa kuandika tu. Haukumsikiliza mtoto akisoma.

Yako mambo ambayo hati haiyaonyeshi. Neno ‘barabara’ huwa njia au huwa ‘sawasawa’ kwa kuhama kwa mkazo. ‘Mtoto amelala’ huwa taarifa au swali kwa kiimbo peke yake. Neno kama ‘hawakutuandikia’ ni sentensi kamili, na msomaji wa silabi huifikia tamati yake akiwa amekwisha kusahau mwanzo.

LaBerge na Samuels walieleza mwaka 1974 kwamba uangalifu wa akili una mpaka: ukitumika wote katika kutambua maneno, haubaki wa kufahamu maana. Mwaka 1979, Samuels alipendekeza kifungu kifupi kisomwe mara kwa mara hadi kiwe chepesi. Lakini kurudiarudia pasipo sababu humchosha mtoto. Tamthilia ya kusomwa humpa sababu: ana wenzake watakaomsikiliza.

Utaratibu wake si mgumu. Mwalimu huchukua ngano, tuseme ya Sungura na Fisi, akaigawa katika sehemu za msimulizi na wahusika. Siku ya kwanza huisoma mwenyewe kwa sauti, na darasa likajadili maana. Kwa siku tatu vikundi vya wanafunzi watano watano hufanya mazoezi wakibadilishana sehemu. Siku ya tano kila kikundi huwasomea wenzake. Hapana jukwaa, hapana mavazi, wala hapana kukariri. Karatasi hukaa mkononi muda wote. Fisi anapouliza, msomaji hana budi kuuliza. Asipofanya hivyo, Sungura hana la kumjibu.

Pingamizi mbili zastahili kujibiwa. Ya kwanza ni kwamba watoto watayashika maneno kwa moyo wakajifanya wanasoma. Dawa yake ni kubadilishana sehemu, na mwisho wa juma kuwapa kifungu kigeni cha kiwango kile kile. Ya pili yahusu msomaji dhaifu. Aghalabu hupewa mstari mmoja ili asiaibike, naye ndiye mwenye haja kubwa ya mazoezi. Afadhali apewe kwanza kiitikio asome pamoja na wenzake, kisha sehemu yake mwenyewe ikue kila juma. Uhaba wa vitabu nao si kizuizi kikubwa, kwani nakala moja ya mkono yatosha kikundi kizima.

Mbinu hii haichukui nafasi ya ufundishaji wa herufi na silabi. Huja baada yake. Kazi yake ni kumvusha mtoto kutoka katika kutamka hadi kusoma. Wanaowafunza walimu katika vyuo vyetu yawapasa kuijaribu wao wenyewe, kwa maana mwalimu asiyesoma kwa kiimbo hatamfunza mwingine.