Unapougua Nawe Unameza Warfarini

Sogeeni karibu na redio, kadi za kliniki zikiwa mkononi. Somo la leo linawahusu watu wachache, lakini kwao ni jambo la uhai.

Wako wenzetu wanaomeza kidonge cha warfarini kila siku. Wengine walipata bonge la damu mguuni. Wengine wana ugonjwa wa moyo. Moyo una milango midogo iitwayo vali. Mtoto akiugua koo mara kwa mara bila kutibiwa, vali hizo zaweza kuharibika, na baadaye akahitaji kuwekewa vali ya bandia. Upasuaji huo hufanyika Dar es Salaam, katika Taasisi ya Moyo Jakaya Kikwete iliyoanzishwa mwaka 2015. Damu ikipita kwenye vali ya bandia hupenda kuganda. Bonge likitoka hapo likafika kichwani, mtu hupooza.

Watu husema warfarini huifanya damu kuwa nyepesi kama maji. Sivyo. Damu huchelewa kuganda tu. Ini letu hutumia vitamini K, iliyomo katika mboga za majani, kutengeneza vitu vya kugandisha damu, na warfarini huizuia kazi hiyo. Wafugaji watapenda kusikia kwamba habari hii ilianzia kwa ng'ombe. Katika miaka ya 1920, huko Marekani na Kanada, ng'ombe waliokula majani makavu yaliyoota ukungu walitokwa damu hata kufa. Wataalamu walichunguza sababu, na warfarini ikauzwa mwaka 1948 kama sumu ya panya. Tangu mwaka 1954 hutumika kutibu watu. Msishtuke, tofauti iko katika kiasi.

Kiasi hicho hupimwa kwa damu, na jibu huandikwa kwa herufi tatu: INR. Tazameni kadi zenu. Asiyetumia dawa ana kama 1. Wengi wanaotumia warfarini hutakiwa kuwa kati ya 2 na 3. Baadhi ya wenye vali ya bandia, kati ya 2.5 na 3.5. Someni "mbili nukta tano", si ishirini na tano. Namba ikishuka mno, damu yaweza kuganda. Ikipanda mno, mtu aweza kutokwa damu.

Basi, tuseme mama mmoja auza viazi Makambako. Namba yake imekaa 2.5 kwa miezi mingi. Mwezi wa Julai baridi inakuja, anashikwa na homa na tumbo la kuhara. Siku tatu hali mboga wala ugali. Hapo tayari vitamini K imepungua, na namba yaanza kupanda, ingawa kidonge ni kile kile. Kisha anakwenda duka la dawa, anapewa metronidazoli, ambayo wengi huijua kwa jina la Flagyl. Dawa hiyo huzuia ini kuivunja warfarini. Sasa kidonge kimoja kinafanya kazi kama viwili! Yeye hajui, maana haoni dalili yoyote. Ndivyo pia kwa kotrimoksazoli, yaani Septrin, na kwa siprofloksasini.

Je, aache warfarini mwenyewe? La, asithubutu. Je, aikatae dawa ya homa? La, ugonjwa nao huua. Kabla ya kumeza amwambie daktari au muuguzi, "Mimi natumia warfarini." Yeye aweza kuchagua dawa nyingine, au kupunguza kiasi cha warfarini. Kisha damu ipimwe siku ya tatu hadi ya tano tangu kuanza dawa mpya. Kupima siku ile ile hakutoshi, kwa sababu mabadiliko huchukua siku kadhaa kuonekana. Apimwe tena baada ya kumaliza, kwani namba hurudi chini. Kutoka Makambako hadi Njombe ni kama kilomita 60. Ulizeni kwanza kama kipimo kipo siku hiyo, msipoteze nauli.

Dawa ya kifua kikuu iitwayo rifampisini hufanya kinyume: huivunja warfarini upesi, na namba hushuka. Tena, katika utafiti wa mwaka 2022 na 2023, mkoa wa Njombe ulikuwa na kiwango kikubwa kuliko mikoa mingine cha watu wazima wenye VVU, asilimia 12.7. Baadhi yao humeza Septrin kila siku. Aliyezoea dawa zote mbili, kiasi chake kimekwisha pangwa. Hatari iko siku ya kuanza na siku ya kuacha.

Kwa maumivu, msinunue aspirini, ibuprofeni wala diklofenaki. Parasetamoli ni afadhali, lakini ukiitumia siku nyingi mfululizo, sema.

Ufizi ukitoka damu, mkojo ukiwa mwekundu, choo kikiwa cheusi kama lami, kichwa kikiuma ghafula au ukianguka ukagonga kichwa, nenda hospitali saa hiyo hiyo, hata kama ni usiku.

Sasa chukueni kalamu. Andikeni nyuma ya kadi, kwa herufi kubwa: NINATUMIA WARFARINI. Chini yake andikeni namba ya mwisho ya INR na tarehe. Asiyetumia amwandikie jirani anayetumia. Kwaherini.