Mahindi Mabichi Yaweza Kuokwa Nyumbani Bila Tanuri

Mashamba ya Kiogoro, karibu na mji wa Kisii, ni madogo, lakini mvua ni nyingi na mahindi hustawi. Mahindi mabichi kwa kawaida huchomwa au huchemshwa. Iko njia nyingine ifaayo sana, nayo ni kuyaoka pamoja na mayai na maziwa.

Huenda mtu akauliza: mayai si afadhali yauzwe sokoni? Jibu lilipatikana zamani. Mwaka 1935 Daktari Cicely Williams, aliyefanya kazi Gold Coast, nchi ambayo leo ni Ghana, aliandika habari za ugonjwa wa watoto uitwao kwashiakoo. Aliona kwamba uliwapata watoto walioachishwa ziwa baada ya mdogo wao kuzaliwa, wakalishwa mahindi karibu peke yake. Miguu yao ilivimba, na wengi walikufa. Mahindi hutia nguvu, lakini hayatoshi kuujenga mwili wa mtoto. Mayai, maziwa na maharagwe huuondoa upungufu huo.

Matayarisho yake si magumu. Yachaguliwe mahindi ambayo punje yake, ikibonyezwa kwa ukucha, hutoa maziwa. Yaliyokomaa hayashikamani vizuri. Punje hukatwa kwa kisu na kutwangwa katika kinu. Kwa vikombe viwili vya mahindi yaliyotwangwa, hutiwa mayai mawili yaliyopigwa, nusu kikombe cha maziwa, kijiko kimoja cha samli, kitunguu kilichokatwa na chumvi kidogo.

Sufuria hupakwa samli, kisha mchanganyiko humiminwa usipite nusu yake. Hufunikwa kwa kifuniko cha bati, na makaa ya moto huwekwa machache chini na mengi juu ya kifuniko. Hapa ndipo wengi hukosea: moto wa chini ukizidi, chakula huungua kabla ya katikati kuiva. Baada ya dakika 40 hivi, huchomwa kijiti kikavu katikati. Kikitoka safi, chakula kimeiva.

Kikipoa kidogo hukatwa vipande, kikaliwa pamoja na chinsaga au maharagwe. Kipande cha kwanza yafaa apewe mtoto aliyeachishwa ziwa, kwa kuwa ndiye mwenye haja kubwa kuliko wote mezani. Fedha ya mayai mawili ni ndogo. Afya ya mtoto, ikipotea, hainunuliki sokoni.