Msikiti Gofu Bado ni Msikiti

Ndugu Waislamu, tukitoka Misigiri, Singida, kwenda kupiga kambi kisiwani Songo Mnara, Kilwa, tutakuta mji wa mawe wa karne ya 14 na 15 uliohamwa, wenye misikiti isiyo na paa na makaburi mengi. Mwaka 1981 UNESCO iliuingiza pamoja na Kilwa Kisiwani katika Urithi wa Dunia. Ibn Battuta alifika Kilwa mwaka 1331, akawakuta watu wake wakifuata madhehebu ya Shafi.

Je, tupige hema ndani ya magofu hayo? Kwa Mashafi, msikiti ni wakfu wa milele. Kubomoka kwake na kuhama kwa waumini hakuuondolei hukumu. Basi msafiri ana ruhusa ya kulala humo, lakini mwenye janaba au hedhi hakai, wala hapatiwi uchafu. Makaburi nayo hayakaliwi wala hayaelekewi katika Swala, Mtume (s.a.w.) amekataza hayo katika Hadith iliyopokewa na Imam Muslim.

Kwa kuwa safari ni ndefu, tutapunguza Swala maadamu hatukunuia kukaa siku nne kamili, mbali na ya kuingia na ya kutoka.

Kwa tahadhari, hema lipigwe nje. Waliojenga mihrabu zile wameondoka, amana yao imebaki mikononi mwetu. Wallahu A'alam.