Tovuti inayomjibu mteja: je, itavuka mto Rusizi?

KAMEMBE, RUSIZI – Ukisimama Kamembe unaiona Bukavu ng'ambo, na mfanyabiashara wa hapa ana wateja pande zote mbili. Lakini akitaka kutangaza bidhaa kwa simu, anakuta njia iliyozoeleka inaishia darajani.

Namba fupi za ujumbe hutolewa na kila nchi kivyake. Shindano la Primus Guma Guma Super Star, lililoanzishwa na Bralirwa mwaka 2011, lilipokea kura kwa ujumbe wa simu. Mnywaji wa Bukavu, ambako Bralima nayo ilitengeneza Primus, alikuwa na laini ya Kongo, na namba fupi ya Rwanda haimfikii bila mitandao ya nchi hizo kukubaliana.

Tovuti haina kizuizi hicho. Ndiyo sababu inafaa kuzielewa tovuti shirikishi, yaani zile ambazo mteja hasomi tu, bali anafanya jambo na tovuti inamjibu.

Mfano unaotajwa sana ni wa Burger King ya Marekani. Aprili 2004, ikitangaza sandwichi ya kuku, ilifungua tovuti yenye mtu aliyevaa vazi la kuku, amesimama sebuleni mbele ya kamera. Ukiandika amri, ruka au lala, anatii. Wengi walidhani yupo pale wakati huo huo. Kumbe wakala wa matangazo, Crispin Porter + Bogusky, pamoja na kampuni ya The Barbarian Group, walikuwa wamerekodi mamia ya vipande vya video na kuviunganisha na maneno ambayo watu wangeandika. Kazi kubwa ilikuwa kukisia mteja atasema nini. Tena mchezo ulifuata ahadi ya kampuni kwamba mteja atapata chakula kama atakavyo.

Tovuti nyingi za miaka ile zilitumia Flash, ambayo Adobe iliacha kuihudumia mwisho wa 2020. Fundi akikuonyesha mifano hiyo, muulize leo ataijenga kwa kitu gani.

Kamembe hesabu ni nyingine. Hapa mteja hulipia bando mwenyewe, kwa hiyo video nyingi ni gharama unayomtwisha kabla hajanunua chochote. Kwa maoni yangu ukurasa mwepesi unatosha. Muuza unga, kwa mfano, anaweza kumwachia mteja aandike idadi ya walaji nyumbani na siku, kisha ukurasa umjibu kilo ngapi zinahitajika na bei yake kwa faranga za Rwanda, faranga za Kongo na dola. Kiswahili kitafika pande zote, ila Kinyarwanda na Kifaransa visisahauliwe.

Zawadi nazo zina mpaka. Vocha ya MTN Rwanda haimsaidii mwenye laini ya Vodacom Kongo. Kutuma pesa kupitia benki nako si kwa uhakika: M23 walipoingia Bukavu Februari 2025, benki zilifungwa. Afadhali mshindi apewe bidhaa yenyewe, katika duka la upande wake.

Ukiomba namba za simu za wateja, kumbuka Rwanda ina sheria ya kulinda taarifa binafsi, Na. 058/2021, na Kongo ilipitisha sheria yake ya dijitali Machi 2023. Omba idhini kwanza. Kisha mpe kila mteja neno la siri la kutaja dukani, moja kwa Kamembe na jingine kwa Bukavu, ujue ni upande gani wamenunua na upande gani wamecheza tu.