USIKU WA DAR ES SALAAM: NANI ANAMNGOJA KIJANA WETU?

Hapa Chanji, na katika vijiji vyote vya Ufipa, usiku una desturi yake. Watu hula, huongea kidogo karibu na moto, kisha hulala mapema kwa sababu ya baridi na kazi ya kesho. Kijana akichelewa kurudi, jogoo hajawika mama yake amekwisha kujua alikuwa kwa nani. Lakini watoto wetu wengi sasa wamo Dar es Salaam, mwendo wa zaidi ya kilomita 1,000, na huko usiku una desturi nyingine. Wazee walisema kwamba jambo usilolijua ni kama usiku wa giza. Basi yafaa tulijue.

DANSI ILIKUWA NA WENYEWE

Wako wanaodhani kwamba starehe za usiku mjini zimeanza jana. Sivyo. Baada ya Vita Kuu ya Kwanza watu wa Dar es Salaam walicheza beni, ngoma ya mwendo wa kiaskari, wakajigawa makundi mawili, Marini na Arinoti. Makundi hayo yalikuwa na viongozi wenye vyeo, na wanachama walisaidiana katika shida na mazishi. Mwaka 1932 ilianzishwa bendi ya Dar es Salaam Jazz. Baadaye zikaja Western Jazz, iliyoanzishwa na watu waliotoka magharibi mwa nchi, hasa Wanyamwezi, na Kilwa Jazz ya watu wa kusini. Mwaka 1964 chama cha wafanyakazi kilianzisha NUTA Jazz, ambayo siku hizi huitwa Msondo Ngoma, na wapigaji wake wakalipwa mshahara kama wafanyakazi wengine. Mwaka 1978 ikazaliwa Mlimani Park, ambayo wapenzi wake huiita Sikinde.

Tazameni jambo hili vizuri. Dansi ilikuwa na wenyewe. Aliyekwenda katika ukumbi wa Anatoglo, Mnazi Mmoja, aliwakuta watu wa kwao, au watu wa kazi moja naye. Akilewa, yupo wa kumshika mkono. Akikosa adabu, habari zitafika nyumbani kabla yake.

Hatusemi kwamba siku zile hazikuwa na matata. Mwaka 1968 Umoja wa Vijana wa TANU uliazimia kupiga vita nguo fupi za wanawake, nywele za bandia na suruali za kubana, na vita hiyo ilianza mwaka 1969. Mwishoni mwa mwaka huo huo muziki wa soul ulipigwa marufuku Dar es Salaam. Je, vijana waliacha? Hawakuacha. Amri peke yake haimlei mtoto.

USIKU WA SASA

Katika hesabu ya watu ya mwaka 1967, Dar es Salaam ilikuwa na watu wapatao 273,000. Katika hesabu ya mwaka 2022 walikuwa 5,383,728, yaani karibu mara ishirini. Katika wingi huo ni rahisi mtu kupotea, ijapokuwa amesimama katikati ya watu.

Miaka ya 1990 zilikuja redio na televisheni za watu binafsi, na vijana wakaanzisha muziki wao, bongo fleva. Sasa wenye fedha huenda kwenye klabu za taa za rangi, wengine hukaa katika baa za Sinza au Kinondoni. Katika mitaa ya uswahilini kuna ngoma za kukesha ziitwazo vigodoro, ambazo wakuu wa serikali wamezikataza mara nyingi kwa ajili ya matusi yake. Mwaka 2022 baraza la mazingira, NEMC, lilifunga baa na kumbi kadhaa kwa sababu ya kelele za usiku.

Starehe hizi hazimwulizi mtu ni mtoto wa nani. Humwuliza ana shilingi ngapi. Zikiisha, hakuna anayemjua. Anayetaka kujua uzito wa jambo hili alinganishe bei ya chupa chache za bia na bei ya debe la mahindi mwezi wa mavuno.

USIKU NI KAZI PIA

Walakini tusiwahukumu wote. Wengi wa watoto wetu wanaokesha Dar es Salaam hawachezi. Wengine ni walinzi mlangoni mwa mali ya watu, wengine huendesha bodaboda, wengine hukaanga chipsi na kuchoma mishikaki kando ya barabara. Wako wanaopakua malori ya ndizi Mabibo kabla ya mapambazuko. Binti anayehudumu katika baa naye ni mtoto wa mtu, na huenda ada ya mdogo wake hapa kijijini inatoka katika mshahara wake mdogo. Mzazi asiseme neno kali kwa simu kabla ya kuuliza, “Mwanangu, umekula? Unarudi nyumbani na nani?”

LA KUFANYA

Kwanza, kijana asiondoke bila kujua atafikia kwa nani. Jina la mtaa halitoshi. Apewe jina la mtu, naye mtu huyo apigiwe simu.

Pili, ndugu zetu walioko huko wasiviache vyama vya watu wa nyumbani viwe vya mazishi tu. Wamtafute mgeni angali hai. Kwaya na jumuiya ndogo ndogo nazo zinaweza kumpa kijana jioni njema na rafiki wa kweli.

Tatu, tuanze hapa kwetu. Barabara ya lami kutoka Tunduma imekwisha kufika Sumbawanga, na muziki wa Dar es Salaam umo katika kila simu. Kijana asiyepata mchezo wala mazungumzo nyumbani atayafuata popote yalipo.

Wazee wa beni na wa dansi walijua kwamba mtu hutaka kucheza, tena hutaka kujulikana. Kucheza, mji utampa. Kujulikana, sisi ndio wa kumpa.