Siri ya ugonjwa wa rafiki: Utaitunza au utaitoboa?

Hebu fikiria mko kwenye chakula cha mchana, wewe na mwenzako wa afisini. Mara anasukuma sahani kando na kukunong'onezea kwamba amepimwa na kupatikana na virusi vya Ukimwi. Mumewe, ambaye unamfahamu vizuri, hajaambiwa. "Usimwambie mtu, dada yangu," anakusihi. Je, ungefanya nini?

Wahenga walisema siri ya mtungi aijuaye ni kata. Sasa wewe ndiwe kata, na mzigo si mwepesi. Ukinyamaza, unaona unamwacha mume hatarini. Ukisema, umevunja amana ya rafiki, na pengine ndoa yake.

Sheria nayo ina neno. Sheria ya Kenya ya kuzuia na kudhibiti Ukimwi, ya mwaka wa 2006, inakataza kufichua matokeo ya mtu ya kupimwa virusi bila idhini yake. Inakataza pia mwajiri kumfuta mtu kazi kwa sababu tu ana virusi. Lakini porojo haingoji hakimu. Unamwambia mmoja, naye anamwambia mwingine ndani ya matatu, na kufikia Ijumaa mwenzenu hana wa kula naye.

Sema naye, usimseme

Kutunza siri si kukaa kimya. Mwambie rafiki yako ukweli: mumewe ana haki ya kulinda afya yake. Mweleze kwamba mtu anayemeza dawa za kupunguza makali kila siku, hadi virusi visionekane katika vipimo vya damu, hamwambukizi mwenzake kwa ngono. Mume naye, akipimwa na kuonekana hana virusi, anaweza kupewa dawa za kinga za PrEP, zilizoanza kutolewa nchini mwaka wa 2017. Hadi hapo, watumie mipira ya kondomu.

Huenda anaogopa kupigwa au kufukuzwa nyumbani. Usiipuuze hofu hiyo. Jitolee kumsindikiza kwa mshauri wa afya, ambaye anaweza kuwapima mke na mume pamoja na kuwasaidia kuzungumza. Akikataa, usikimbilie kwa mumewe. Nenda mwenyewe kwa mshauri uombe mawaidha bila kutaja jina la mtu, kisha urudi kwa rafiki yako. Mara nyingi neno linalokataliwa Jumatatu husikilizwa mwisho wa mwezi.

Kikohozi cha afisini

Mambo hubadilika kidogo mwenzako anapokohoa kwa wiki 2 au zaidi, anakonda na kutokwa na jasho usiku. Hapa hewa ni yenu nyote. Hata hivyo, usianzie kwa meneja, wala usimtengee kikombe. Kifua kikuu huenea kwa hewa mgonjwa anapokohoa, si kwa kusalimiana au kunywea kikombe kimoja.

Mwite kando umhimize akapimwe. Dawa hutolewa bure katika hospitali za serikali. Matibabu kwa kawaida huchukua miezi 6, lakini baada ya takriban wiki 2 za dawa zinazomfaa, wengi huwa hawaambukizi tena. Nyinyi mnaoketi karibu naye fungueni madirisha, na akipatikana na ugonjwa mkapimwe pia.

Je, akikataa kabisa kwenda? Mwambie waziwazi kwamba itakubidi umjulishe mkubwa wenu kazini, na umpe siku chache za kuamua. Ni afadhali alisikie neno hilo kinywani mwako kuliko kulikuta likizunguka afisini.

Kwa hivyo, kabla ya kufungua mdomo, jiulize: maneno haya yatamfikisha mgonjwa kwenye matibabu na kuwakinga walio karibu naye, au yananipa tu la kusimulia? Ukipata jibu la pili, kunywa chai yako na ubadilishe mazungumzo.