Kiingereza kinavyowakwamisha wanafunzi wahamiaji Marekani

Na MWANDISHI WETU

KIJANA wa miaka 17 aliyezaliwa mashariki mwa Congo na kulelewa katika kambi ya Kakuma au Nyarugusu hufika Marekani akiwa na mzigo usioonekana. Anajua Kiswahili, pengine na Kifaransa kidogo. Hata hivyo, kengele ya shule inapolia hutakiwa asome historia, aljebra na biolojia kwa Kiingereza, lugha ambayo hajaimudu.

Vijana wa aina hii si wachache. Miji kama vile Lexington, katika jimbo la Kentucky, imepokea wakimbizi wengi wa Congo wanaozungumza Kiswahili. Wameingia katika kundi kubwa la wanafunzi takriban milioni tano ambao shule za umma za Marekani huwatambua kuwa wanagenzi wa Kiingereza. Wengi wao, kiasi cha robo tatu, huzungumza Kihispania nyumbani.

Takwimu za serikali ya Marekani zinaonyesha pengo kubwa. Katika mwaka wa masomo wa 2010/11, asilimia 79 ya wanafunzi wote wa shule za upili za umma walihitimu kwa wakati, ilhali miongoni mwa wanagenzi wa Kiingereza ni asilimia 57 pekee. Kufikia 2015/16 viwango hivyo vilikuwa vimepanda hadi asilimia 84 na 67 mtawalia. Pengo lilipungua, lakini halikuzibika.

Je, chanzo ni nini? Kwanza ni saa yenyewe inayotumiwa kupima. Mwanafunzi huhesabiwa tangu aingiapo darasa la tisa, na hutarajiwa kupata cheti baada ya miaka minne. Akihitimu katika mwaka wa tano, hahesabiwi katika kiwango hicho, ingawa cheti chake ni kilekile.

Watafiti wa lugha, akiwemo Jim Cummins wa Canada, wameonyesha kwamba mtoto huweza kuzungumza lugha ngeni na wenzake uwanjani baada ya miaka miwili hivi. Lugha ya vitabu na mitihani huhitaji miaka mitano hadi saba. Hivyo basi, anayefika akiwa na umri wa miaka 16 au 17 hupewa miaka minne kufanya kazi ya miaka saba, na masomo mengine yote juu yake.

Sababu ya pili imo katika hesabu. Mwanafunzi anapokimudu Kiingereza huondolewa katika kundi hilo, na nafasi yake hujazwa na mgeni mwingine. Kundi hubaki daima na wanaotatizika. Mathalan, katika jiji la New York, wale waliokwisha kuondolewa katika kundi wamewahi kuhitimu kwa kiwango kinachowapita hata wenzao ambao hawakuwa wanagenzi kamwe. Kwa hivyo, si haki kudai kwamba watoto hawa hawana akili ya masomo.

Sababu ya tatu ni sera. Wapigakura wa Arizona walipitisha mwaka 2000 sheria ya kufundisha kwa Kiingereza pekee, na baadaye jimbo likaagiza wanagenzi wakae muda wa saa nne kila siku katika madarasa ya Kiingereza. Wakosoaji walilalamika kwamba wanafunzi hao walikosa nafasi ya kusoma hisabati na sayansi, masomo yanayohitajika ili mtu ahitimu. Katika mwaka wa masomo wa 2013/14, ni asilimia 18 pekee ya wanagenzi wa jimbo hilo waliohitimu kwa wakati. Sheria ya 2019 ilipunguza muda huo.

Yote haya yanatokea katika nchi ambayo Mahakama yake ya Juu iliamua tangu 1974, katika kesi ya Lau dhidi ya Nichols, kwamba kumpa mtoto vitabu na mwalimu sawa na wenzake si usawa iwapo haielewi lugha inayotumika. Kesi hiyo ilihusu wanafunzi wapatao 1,800 wa asili ya Kichina mjini San Francisco, walioachwa bila msaada.

Zipo njia zilizofaulu. Tangu 1985, New York imekuwa na shule za upili zilizoundwa mahsusi kwa wahamiaji wapya, ambamo kila mwalimu, awe wa sayansi au wa historia, hufundisha lugha pamoja na somo lake. Isitoshe, majimbo mengi huruhusu kijana kuendelea na shule ya umma hadi atimize miaka 21.

Kwa jamaa za Afrika Mashariki wanaojiandaa kuhamia huko, jambo moja dogo lina uzito mkubwa: kubeba matokeo yote ya masomo ya mtoto. Shule huweza kumhesabia masomo aliyokwisha kuyafanya. Bila karatasi hizo, kijana aliyefika kidato cha tatu huenda akaanzishwa upya darasa la tisa akiwa na miaka 17, na mwanya wa kuhitimu kabla ya umri kumpita ukawa mwembamba zaidi.